Mzee Kahama na Kahawa Yetu

Tulipowaambia wenzetu kuwa mwaka huu tunaandika habari za mbunge, walituuliza: kwa nini mbunge, tena Mkristo? Jibu letu ni kahawa. Ada za wengi wetu hapa, wa Karagwe kwa wa Kyerwa, zinatoka shambani.

Marehemu Clement George Kahama, maarufu kama Sir George, alizaliwa Karagwe mwaka 1929, miaka mingi kabla Kyerwa haijawa wilaya. Alisoma Tabora, akaenda Uingereza kusomea ushirika, kisha miaka ya 1950 akawa meneja wa BNCU, chama kikuu cha wakulima wa kahawa kule Bukoba. Kazi yenyewe ilikuwa kukusanya kahawa ya wengi na kuiuza pamoja, ili mkulima asibaki peke yake mbele ya mnunuzi.

Uhuru ulipopatikana Desemba 1961 alikuwa na miaka 32 tu, naye ni Waziri wa Mambo ya Ndani katika baraza la Mwalimu Nyerere. Baadaye alikuwa balozi Ujerumani Magharibi na China, akaongoza NDC, na CDA ya Dodoma. Hayo tunayapita haraka, wengine wameyaandika. Kilichotushika sisi ni uzeeni. Alikuwa mbunge wa Karagwe, na kuanzia 2000 hadi 2005 Rais Mkapa alimkabidhi Wizara ya Ushirika na Masoko. Mzee wa miaka sabini na ushei akarudishwa kwenye kazi ya ujana wake! Sheria mpya ya vyama vya ushirika ilipitishwa mwaka 2003.

Je, tatizo lilikwisha? Kwa maoni yetu, hapana. Butura ipo. Ada inatakiwa Januari, kahawa inavunwa katikati ya mwaka. Mnunuzi anakuja na fedha mkononi, anaitazama miti ikiwa na maua, anataja bei aitakayo. Chama cha msingi kinapokea kahawa iliyokwisha kauka. Januari hakina cha kumpa mzazi. Serikali imepiga butura marufuku, lakini marufuku hailipi ada.

Katika somo la fiqhi, mlango wa biashara, tulisoma kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza matunda kabla hayajaonyesha kuiva. Tulitazamana. Ustadhi akauliza ni nani kwao wameuza maua mwaka huu. Mikono minne ilinyooka, mmoja polepole sana.

Mzee Kahama alifariki Dar es Salaam tarehe 12 Machi 2017. Karagwe sasa ina chama chake kikuu, KDCU, tangu 1990, na wazee waliouza kwa BNCU wanazidi kupungua. Mwenye babu aliyeuza enzi zile amuulize alilipwa lini na alilipaje ada za watoto, atuletee majibu kwa toleo lijalo.