Deni la Msikilizaji

Kupenda muziki ni jambo jepesi. Sikio halina mlango, na wimbo mzuri huingia bila ya kubisha hodi. Kuutunza muziki ni jambo zito, kwa maana hudai safari, wakati na fedha. Watu wengi huyadhani mambo haya kuwa ni jambo moja. Nataka kukuonyesha, msomaji, kuwa ni mawili, na ushahidi wangu ni usiku mmoja wa mwaka 2022 katika mji wa Homa Bay.

Mimi ni mwalimu, na makazi yangu ni Migori. Muziki niupendao kuliko mwingine wote ni benga. Yamkini umeusikia katika matatu au harusini, wala hukuuliza asili yake. Benga ni mtoto wa nyatiti, kinanda cha Waluo chenye nyuzi nane, ambacho mpigaji hukidonoa kwa vidole huku akikigonga kwa pete ya chuma iliyovishwa kidole cha mguu. Vijana wa kando ya Ziwa Viktoria walipopata magitaa, waliyadonoa kwa namna wazee wao walivyodonoa nyuzi za nyatiti.

Miongoni mwa waliokuza sanaa hiyo alikuwa D. O. Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 Shirati, upande wa Tanzania, si mbali na mpaka wa Migori. Aliongoza bendi ya Shirati Jazz nchini Kenya, na zaidi ya mara moja alitiwa ndani kwa nyimbo zilizowachoma wakubwa. Alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 2006. Santuri za benga zilifika hata Zimbabwe, na huko muziki huu ukaitwa kanindo, kwa jina la Oluoch Kanindo, Mkenya aliyezitoa na kuzisambaza.

Bendi niliyokwenda kuisikiliza haina sifa kubwa kama hizo. Ni watu watano, wasio na kampuni ya kuwatangaza wala tajiri wa kuwasimamia. Magitaa ni yao, vipaza sauti ni vya kukodi. Mchana kiongozi wao ni seremala. Kwa miaka miwili nilikuwa na nyimbo zao katika simu yangu, hata maneno yake nikayahifadhi, lakini wenyewe sikuwa nimepata kuwaona kwa macho.

Jumamosi hiyo nilipanda matatu alasiri. Tukapita Awendo penye mashamba ya miwa, tukafika Rongo, tukaiacha barabara iendayo Kisii na kushika njia ya Rodi Kopany, hata kilima cha Asego kikatokea, na ziwa likang'aa chini yake. Usiku ulipoingia nilikuwa mlangoni pa ukumbi. Kiingilio kilikuwa shilingi 300. Nililipa, nikaketi mbele.

Muziki ulipokaribia kuanza niligeuka nikahesabu watu. Tulikuwa 34. Lakini nje ya ua wa mabati palikuwa na umati uliotushinda mara nyingi. Vijana walisimama juu ya pikipiki zao, simu mkononi, tayari kunasa nyimbo. Niliwaona wanamuziki wakisogeleana na kunong'ona. Fedha zote za mlangoni zilikuwa shilingi 10,200, na humo ilikuwa watoe kodi ya gari na ya vipaza sauti kabla ya mtu kupata chochote cha kupeleka nyumbani. Wangaliweza kupiga nyimbo tatu, kuomba radhi na kuondoka, wala asingalikuwako wa kuwalaumu sana.

Hawakufanya hivyo. Kiongozi alikaza uzi mmoja wa gitaa, akaanza. Sauti zilitangulia, polepole, gitaa likiyajibu maneno kama mtu ajibuye salamu. Kisha sauti zikanyamaza, magitaa yakapanda, besi ikarukaruka chini yake, na sote 34 tukasimama. Hapo niliona jambo ambalo simu haikupata kuniambia. Mpigaji wa gitaa la pili hakuwa na mapambo yoyote. Alirudia sauti zile zile chache bila ya kukosea, jasho likimtiririka, macho yake yasibanduke katika vidole vya kiongozi. Wimbo mzima ulisimama juu ya uvumilivu wake, na katika simu yangu alikuwa hasikiki.

Katika benga iko desturi iitwayo pakruok. Mtu hutoa fedha, muziki hupunguzwa, naye hujisifu au humsifu ampendaye mbele ya watu wote. Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa, na pakruok ni tuzo itolewayo wakati wimbo unaendelea. Zamu yangu ilipofika nilitoa shilingi 200, nikawasifu wanafunzi wangu wa kidato cha pili waliokuwa wamelala mabwenini wasijue. Ukumbi ulicheka, na kutoka nje ya mabati nikasikia vigelegele.

Walipiga hata karibu na alfajiri. Walipokuwa wakikunja nyaya nilimwendea kiongozi, nikamwuliza kama wale wa nje hawakumwudhi.

"Japuonj," akaniita, yaani mwalimu, "wale wanaupenda muziki. Ninyi mmeulisha. Siwachukii, ila mapenzi yao hayalipi kodi ya gari."

Kisha akaniuliza kama nina usafiri wa kurudi Migori.

Msomaji kijana, sikuiti katika kumbi za usiku. Umri wako na masomo yako vina haki ya kwanza. Lakini wapigaji si wa ukumbini peke yao. Yuko mzee wa nyatiti katika harusi ya jirani, na yuko mwenzako anayeimba katika tamasha la muziki la shule. Ukipata kusikiliza, sikiliza hata mwisho, umtafute na yule ambaye sauti yake haisikiki sana. Ukitaka kuunasa wimbo wa mtu, mwombe idhini kwanza. Siku utakapokuwa na shilingi yako mwenyewe, wimbo ukakufurahisha, ingia kwa mlango na ulipe. Bendi ile imo njiani hata leo, nami kila ijapo Homa Bay hufunga safari. Wimbo ambao wote huusikiliza na hakuna anayeulisha hunyamaza siku moja, na simu zote za duniani haziwezi kuufanya upigwe tena.