Risasi inayobaki baada ya kufyatua

Leo siasa zipumzike. Nina neno moja tu: risasi. Kiswahili chetu kinaita hivyo yale madini laini na mazito, na kinaita hivyo hivyo kile kitu kinachotoka kwenye bunduki. Lugha ilishatutonya, sisi tukapita.

Mjomba wangu ana rivolva na leseni yake. Akienda kulenga shabaha hutumia risasi za bei nafuu, zile za madini matupu yasiyovikwa shaba. Kwenye rivolva, risasi huruka kutoka kwenye silinda na kuingia kwenye mtutu. Kama ni laini mno, au haikuenea vizuri kwenye tundu, gesi ya moto huilamba, na chembe zake huganda pale mtutu unapoanzia, usoni mwa silinda na ndani ya mifereji. Zikirundikana, bastola hukosa shabaha na silinda huanza kukwama.

Mafuta peke yake hayazibandui. Akishahakikisha bastola haina kitu, mjomba huchukua brashi iliyozungushiwa nyuzi za shaba na kusugua mpaka vipande vya kijivu vidondoke. Chuma hagusi, kitakwaruza mtutu. Wapo wanaosifia siki iliyochanganywa na peroksaidi. Kweli inayeyusha risasi, ila unabaki umeshika maji ya sumu.

Sasa vile vipande huenda wapi? Nilimuuliza, maana alikuwa anasugulia kwenye meza tunayolia ugali, na mjukuu wake wa miaka miwili ameshika ukingo wa meza hiyo hiyo.

"Mpwa wangu, kazi hii naifanya mwaka wa ishirini, mbona mzima?"

Shikamoo yake ninampa, lakini risasi hujificha mifupani kwa miongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo anaweza kufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Ubongo ukishaharibika, haurudi.

Siku hizi anafanyia kazi hiyo uani, amevaa glavu. Vitambaa anavifunga kwenye mfuko, ananawa kwa sabuni na kubadili shati kabla ya kumbeba mjukuu.

Nyie wenye silaha majumbani, najua mnaifungia kabatini mtoto asiifikie. Hongereni. Na vumbi lake je, mmelifungia wapi?