Mahasimu wa New York

Nilipokwenda Marekani kusoma, mwanzoni mwa miaka ya 1960, nilipanga chumba Harlem, katika mji wa New York, nyumbani kwa mume na mke weusi waliokuwa wazee wangu kwa umri na kwa wema wao. Na katika nyumba hiyo yenye masikilizano mengi, jambo moja tu halikuwa na suluhu, nalo ni besiboli. Mzee alikuwa wa Giants, ambao uwanja wao, Polo Grounds, ulikuwa hapo hapo Harlem. Mama alikuwa wa Dodgers wa Brooklyn, kwa kuwa ndio waliomwingiza Jackie Robinson mwaka 1947, wakati ambapo ligi kuu haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja, na kwake hapakuwa na hoja iliyozidi hiyo.

Mchezo waliougombania zaidi ni ule wa tarehe 3 Oktoba 1951. Mwezi wa Agosti Dodgers walikuwa mbele kwa michezo 13 na nusu, watu wakahesabu kwamba mambo yamekwisha. Walakini Giants walishinda mfululizo hata msimu ukamalizika wakiwa sawasawa, ikalazimu michezo mitatu ya kuamua, na kila upande ukashinda mmoja. Katika mchezo wa tatu, Giants walipoingia kupiga mara yao ya mwisho, duru ya 9, walikuwa na alama 1 na wenzao 4.

Mzee alizoea kunisimulia yaliyofuata kwa vikombe vya chai: Lockman wa Giants alipopiga, alama zikawa 4 kwa 2, na vikombe viwili vikabaki mezani, Hartung kituo cha tatu na Lockman cha pili, Newcombe, mrushaji wa Dodgers, akatolewa, Branca akaitwa kurusha, zamu ya kupiga ikamfikia Bobby Thomson wa Giants, na nyuma yake, akingoja, alikuwapo Willie Mays, kijana wa miaka 20. Branca alirusha mpira wa kwanza, Thomson akauacha. Akarusha wa pili, na tahamaki mpira umevuka ukuta wa kushoto, wote watatu wakaingia, Giants 5, Dodgers 4. Mama humwachia mumewe afurahi mpaka hapo, kisha hukitwaa kijiko akakisimamisha peke yake katikati ya meza: huyo ni Robinson, ambaye wenzake walipokuwa wakitoka kwa huzuni, yeye alibaki akimtazama Thomson akanyage kila kituo, kwani lau angeruka kimoja, madai yangalikuwapo.

Lakini nilipokuwa nikiishi nao, mabishano yao yalikuwa ya kumbukumbu tu, kwa sababu baada ya msimu wa 1957 timu zote mbili zilihamia California, Giants San Francisco na Dodgers Los Angeles, na uwanja wa Brooklyn ukabomolewa mwaka 1960. Mwaka 1962 ilipoundwa timu mpya, Mets, ikavaa buluu ya Dodgers na rangi ya machungwa ya Giants, ikaanza kuchezea Polo Grounds. Na wazee wangu, ambao hawakuwahi kushangilia timu moja, wakawa wanakwenda pamoja, wakikaa bega kwa bega. Mwaka 1964 uwanja huo nao ulivunjwa, yakajengwa majumba marefu ya kuishi watu.

Thomson na Branca wenyewe wakawa marafiki hata uzeeni, wakialikwa pamoja kwenye hadhara, ingawa Branca alikwisha kusikia mapema habari iliyokuja kuchapishwa gazetini mwaka 2001, kwamba Giants walikuwa wakichungulia ishara za wapinzani kwa darubini. Thomson alikana kwamba aliupata msaada huo katika pigo lile, na urafiki ukadumu.

Nanyi wasomaji wenye timu zenu huku kwetu, nawausia hivi: mshindeni hasimu wenu kila mkiweza, lakini msimwombee kutoweka, kwani siku atakayoondoka ataondoka na nusu ya furaha yenu.