Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Wenzangu wanafunzi, nanyi kaka zetu mliokwisha pita katika shule hii, methali niliyoiweka juu ya habari hii mnaijua tangu madarasa ya chini. Mbachao ni mkeka uliochakaa, na msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Mimi nalikuwa nikiijua kwa ajili ya mtihani tu. Lakini mwezi wa Juni 2024 kompyuta ya maktaba yetu ilinifundisha maana yake, na tangu siku hiyo sijaisahau.

Kompyuta ile hukaa juu ya meza ya Mwalimu mtunza maktaba. Ndani yake mna daftari la vitabu vinavyoazimwa, na mna orodha ya wanafunzi wa zamani: majina yao, miaka yao ya kuingia na kutoka, na mahali wanapoishi. Mwalimu aliikusanya orodha hiyo kwa miaka kumi na mmoja, akiandika barua na kupiga simu, na kila mgeni aliyefika shuleni akimwuliza habari za wenzake. Wengine walioandikwa humo wamekwisha fariki, wala hawawezi kuulizwa tena.

Programu inayofungua daftari hilo ilitungwa na mwanafunzi mmoja wa zamani, na kisahani alichokuja nacho siku ya kuiweka kilipotea siku nyingi. Kwa hiyo haikufaa kununua diski tupu na kuweka humo mfumo endeshi mpya, kwa maana programu ile tusingeipata tena. Ilipasa kuuhamisha mfumo ule ule uliokuwamo, yaani Windows 10, pamoja na kila kitu kilichoshikamana nao.

Sababu ya kuhama ilikuwa ugonjwa wa diski. Ukiiwasha kompyuta asubuhi, uliweza kufagia chumba chote kabla haijawa tayari, na tumboni mwake mlisikika mlio kama wa saa mbovu. Diski ya zamani ni sahani zinazozunguka, na mkono mdogo unaokwenda huku na huku kusoma yaliyoandikwa. Diski za namna hii zilianza kutolewa na IBM mwaka 1956. Ile ya kwanza ilikuwa na sahani 50, kila moja pana kama sinia, nayo ilibeba herufi milioni 5 tu. Diski ya maktaba, ambayo yaenea katika kiganja, hubeba mara 100,000 ya hizo, na sahani zake huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Lakini kitu kinachozunguka hivyo miaka mingi hatimaye huchoka. Diski za siku hizi ziitwazo SSD hazina sahani wala mkono. Habari zote hukaa katika vipande vya elektroniki, kwa hiyo hakuna cha kungojea kizunguke.

Basi mwanafunzi mmoja wa zamani alituletea SSD kutoka Kampala, ya gigabaiti 500, sawasawa na ile ya zamani. Mwalimu akaniita, kwa sababu nalijulikana darasani kuwa mtu wa kompyuta. Sifa hiyo nilijipa mimi mwenyewe kuliko nilivyopewa na watu.

"Jumamosi wanafunzi wa zamani watakuja kwa mkutano wao," alisema, "na watataka kuona orodha. Leo ni Jumatano. Utaweza?"

"Mwalimu, ni kazi ya jioni moja," nikajibu.

Tena nilikuwa nimekwisha mwahidi rafiki yangu wa bwenini kwamba diski ya zamani nitaifuta usiku ule ule nimpe, apate pa kuweka picha zake za mpira. Mwalimu hakukataza. Alisema tu kwamba angependa kuiona ile mpya ikifanya kazi kwanza.

Nikafungua kompyuta kwa bisibisi, nikaifunga diski mpya kando ya ile ya zamani kwa nyaya mbili, mmoja wa umeme na mmoja wa kupitishia habari. Kabla ya kunakili niliitazama diski ya zamani ilivyogawanywa, nikaona ina vyumba vinne. Cha kwanza kilikuwa cha megabaiti 499, cha pili 100, cha tatu 16, na cha nne kilikuwa kikubwa mno, ndicho kilichokuwa na Windows na mafaili yote. Nikajiambia, "Hivi vitatu vidogo ni takataka za kiwandani." Nikaandaa chumba kimoja tu katika diski mpya, nikanakili humo kile kikubwa peke yake. Nilitumia programu ya bure iitwayo Clonezilla, ambayo huanzishwa kutoka katika flashi, ili Windows iwe imelala wakati inaponakiliwa.

Kazi ilipokwisha niliiwasha kompyuta. Ikaamka! Nikaona picha ile ile ya mbele, nikafungua daftari, na majina yote yalikuwamo. Nikaona hata imeamka upesi kuliko siku zote. Jamani, moyo ukikitaka kitu, macho hutoa ushahidi wa uongo. Nikaenda mbio kumwita Mwalimu.

Alikuja, akatazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akasema kwa upole, "Vema, mwanangu. Sasa ichomoe ile ya zamani, uiwashe kwa hii mpya peke yake."

Nikaona ananichelewesha. Lakini nilizima, nikachomoa nyaya za diski ya zamani, nikawasha tena. Kioo kikawa cheusi. Baada ya kitambo yakatokea maneno machache meupe, kwamba hakuna diski ya kuwashia. Nikazima, nikawasha mara ya pili na ya tatu, na maneno yakawa yale yale.

Kumbe muda wote ule kompyuta ilikuwa ikiamka kwa diski ya zamani! Diski mpya ilikaa kando yake kama mgeni asiyeulizwa neno, nami nikampa sifa ambazo si zake. Kama ningaliifuta ile ya zamani kama nilivyokusudia, tungalibaki na chumba kikubwa kisicho na mlango, na Jumamosi inakuja. Nilitokwa na jasho. Mwalimu hakunigombeza. Alisema methali ile moja tu, akaniacha na mashine yangu.

Nikairudisha diski ya zamani, ikaamka na mlio wake mbovu. Sikupata kusikia mlio mtamu kuliko ule.

Usiku nilisoma, nikajua kosa langu. Kompyuta ya namna ile ikiwashwa haiendi moja kwa moja kwenye Windows. Kwanza programu iliyomo katika ubao wake mkuu, iitwayo UEFI, hukitafuta chumba kidogo kiitwacho EFI. Humo mna faili za kuwashia, nazo ndizo zinazojua Windows imelala wapi na namna ya kuiamsha. Hicho ndicho kile cha megabaiti 100 nilichokidharau. Hata kile cha 499 kilikuwa na kazi yake, maana ndicho chenye vifaa vya kuiponya Windows ikiharibika. Kunakili mafaili si kuhamisha mfumo. Ni kama kuhamisha nyumba kwa kubeba vyombo vyote na kumwacha bawabu nyuma na funguo mfukoni mwake.

Siku ya Alhamisi nilianza upya, safari hii kwa adabu. Jambo la kwanza nililofanya ndilo lililonipasa jana yake: nilinakili daftari na orodha katika flashi, nikaifungua flashi hiyo katika kompyuta nyingine, ikasomeka. Jambo la pili, niliandika katika karatasi namba zilizobandikwa juu ya kila diski. Hili si jambo dogo. Diski zote mbili zilikuwa za gigabaiti 500, kwa hiyo ukubwa wake haukuweza kuzipambanua. Programu hukuuliza ni ipi inayotoa na ni ipi inayopokea. Ukijibu kinyume, utanakili utupu juu ya mali yako, wala haitasikia kilio. Nilimwomba Mwalimu asimame nyuma yangu, nikamsomea namba kwa sauti, naye akalinganisha na karatasi. Ndipo nikakubali.

Safari hii nilinakili diski nzima, vyumba vyote vinne kwa mpangilio wake. Tulipofika katikati mvua ikanyesha, umeme ukakatika. Zamani ningalipiga kelele. Lakini nalijua kwamba diski ya zamani ilikuwa ikisomwa tu, haikuandikwa kitu. Iliyoharibika ni nakala peke yake, na nakala hurudiwa. Umeme uliporudi tukaanza tena tangu mwanzo, na jioni kazi ikaisha.

Kabla ya kuwasha niliichomoa diski ya zamani bila kuambiwa. Tena ilipasa hivyo kwa sababu nyingine. Diski zilizonakiliwa zima zima huwa kama mapacha waliopewa jina moja, na Windows ikizikuta pamoja hukataa kuitumia mmojawapo. Nikabonyeza. Kompyuta ikaamka kabla Mwalimu hajamaliza kufuta miwani yake, wala hapakuwa na mlio wowote. Tukafungua orodha. Mwalimu akatafuta jina la mwanafunzi mmoja aliyefariki, rafiki yake wa ujanani, akalisoma polepole, akafunga. Hakusema neno, nami sikuuliza.

Jumamosi wageni wakaja, wakaona majina yao, wakacheka, wakasahihishana miaka. Hapana aliyejua kwamba siku tatu kabla yake orodha ile ilikuwa karibu kupotea kwa haraka ya mtu mmoja. Sasa wanajua, kwa sababu nimewaandikia.

Rafiki yangu wa bwenini hakupata diski usiku ule. Mwalimu aliifungia katika mtoto wa meza hadi mwisho wa muhula. Mpya ilipokwisha kufanya kazi wiki nyingi bila kosa, akanipa ufunguo. Nilipomletea rafiki yangu diski yake alisema, "Wewe na mwalimu wako mna woga." Nikamwambia tulikuwa nao, tena ulitufaa.

Wala safari haijaisha. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kutoa marekebisho ya kawaida ya Windows 10, kwa hiyo iko siku kompyuta ile itahamishwa tena, pengine na mmoja wenu baada yangu. Ewe utakayeitwa, nakuusia mambo machache. Usidharau kidogo kwa sababu hujui kazi yake. Usiseme umehama mpaka umelala usiku mmoja katika nyumba mpya na mlango wa ile ya zamani umefungwa. Na mkeka wako wa zamani, hata ukiwa na matundu, usiutupe mpaka umeukalia huo mpya.