Toleo Jipya Lisilifukuze la Kale

Wapenzi wa lugha na ushairi, leo nawaletea jambo la kompyuta. Msiondoke, mtaona kwamba ni letu pia.

Nina kazi mbili katika kompyuta moja. Ya kwanza ni mkusanyo wa maneno ya Kiiraqw niliyoyapokea kwa wazee wa Dongobesh, wilayani Mbulu. Wawili kati yao wamekwisha kututoka. Ya pili ni ya Kidatoga, iliyoanza juzijuzi Katesh, wilayani Hanang. Zote zinapangwa kwa programu zilizoandikwa kwa lugha ya Python, na kila programu huazima zana kutoka katika maktaba, yaani hazina ya maagizo yaliyokwisha kuandikwa na wengine. Kazi ya kale inategemea toleo la kale la maktaba moja. Kazi mpya inadai toleo jipya la maktaba iyo hiyo.

Maandishi ya Kiiraqw yana kanuni zake. Hh husimama kwa sauti moja, kama katika tsiyahh, yaani nne. Sl na tl ni vivyo hivyo. Alama ya mkwaju (/) ni konsonanti kamili, jirani wa ain ya Kiarabu. Programu yangu ya kale inayazingatia hayo yote kwa msaada wa toleo lile. Toleo jipya lina utaratibu mwingine wa kupanga herufi, na chini yake maneno ya wazee hutawanyika kama vifaranga walioona mwewe.

Nilishauriwa nisasishe tu. Lakini pip, chombo cha kuleta maktaba hizo, kikiweka toleo jipya mahali pale pale, huliondoa la kale. Mgeni anaingia, mwenyeji anatolewa.

Dawa ipo. Tangu Python 3.3 ya mwaka 2012, lugha hiyo huja na venv, chombo cha kuijengea kila kazi chumba chake: folda yenye maktaba zake, zisizoingiliana na za jirani. Chumba cha Kiiraqw kina toleo la kale, cha Kidatoga kina jipya. Katika kila kimoja naweka orodha ya maktaba na namba za matoleo yake, ili atakayeirithi kazi aweze kukijenga upya. Gharama ipo pia: toleo la kale halirekebishwi tena, hivyo silipi kazi ya kupokea mafaili ya mtandaoni.

Nchi hii iliyajua haya kabla ya kompyuta. Kiiraqw ni cha Wakushi, Kidatoga ni cha Waniloti, Kiswahili ni cha Wabantu, na Kihadza cha bonde la Yaeda hakina ndugu aliyethibitika. Mtu mmoja huweza kusema na mamaye kwa Kiiraqw, akapatana bei ya ng'ombe mnadani kwa Kidatoga, akaandika barua kwa Kiswahili.

Nasi washairi je? Kiunguja kilifanywa msingi wa Kiswahili sanifu, na "njia" ikawa neno la shuleni. Hata hivyo "ndia" ya Kimvita ingali hai katika tungo. Hakuna aliyelazimika kuifuta moja ili nyingine isomeke.

Basi kabla ya kufuta toleo lolote, tuulize kwanza: ni sauti ya nani inayosomeka kwa toleo hilo pekee?