Sheria na Mfalme

Mwalimu anaposahihisha matamshi ya mwanafunzi, yafaa kwanza ajiulize: je, nasahihisha kosa, au natetea mazoea yangu? Swali hili lilitufika sisi hapa Rumonge, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, wala si katika somo la Kiswahili, bali katika Kilatini.

Kijana mmoja alikuwa akitujia nyakati za jioni, wavuvi wa ndagala wakitayarisha taa zao, ili tumfundishe lugha hiyo tuliyoipata seminarini. Siku moja alisoma jina la Cicero, akatamka "Kikero". Tukamkatiza kwa ukali: "Chichero!" Akainamisha kichwa, akaendelea.

Kumbe kijana hakukosea. Warumi wa zama za Cicero waliitamka herufi c kama k popote ilipokuwa. Wagiriki waliliandika jina hilo kwa herufi yao ya k, na vyuo vikuu vingi leo hufundisha hivyo. "Chichero" ni matamshi ya Kanisa la Roma, ambayo Papa Pio wa Kumi aliyahimiza mwaka 1912. Mjerumani kwa desturi yake husema "Tsitsero", na Mfaransa wa zamani alisema "Sisero". Nao Wamisionari wa Afrika waliofika Rumonge mwaka 1879, ambao watatu wa kundi lao waliuawa hapa tarehe 4 Mei 1881, wengi wao walikuwa Wafaransa. Basi hata Kilatini chao hakikuwa hicho tulichokitetea kwa ukali namna ile.

Lakini aibu yetu haikuishia hapo. Jioni ile ile kijana alisoma neno lex, maana yake sheria, akalitamka rex, maana yake mfalme. Hatukusema neno. Katika Kirundi, l na r si sauti mbili zenye kutenga maana, na sikio letu, lililolelewa na lugha hiyo, halikushtuka. Alipofika kwenye tafsiri akasita, akatuuliza:

"Mwalimu, hapa anayetawala ni sheria, au ni mfalme?"

Tukatazama kitabu kwa muda mrefu. Nyani haoni kundule: tulikuwa tumemkaripia kwa herufi isiyodhuru kitu, tukaiacha ipite ile iliyompindua mwandishi maneno yake.

Wenzetu walimu wa Kiswahili, twaona jambo hili linatuhusu kila siku. Mnunuzi wa sokoni Rumonge asemaye "zahabu" ameeleweka, ingawa mtu wa Unguja atasema "dhahabu"; hiyo ni lafudhi, tumfunze kwa upole. Bali asemaye "mahari" akikusudia "mahali" ameingiza habari za harusi pasipo harusi, na atakayetaka kula akasema "kura" ataonekana anazungumza siasa. Hapo hatuna budi kusimama, kwa kuwa maana imepotea.

Kijana tulimwomba radhi. Aliporudi alisoma "Kikero", nasi tukanyamaza. Alipofika kwenye lex, tulimrudisha mara tatu, tukitamka pamoja naye, kwani ulimi wetu pia ulihitaji shule.