Dodoma Usiku: Blanketi, Zabibu na Stelingi

Dodoma bwana! Shuka stesheni jioni ya mwezi wa saba na kishati chako cha Dar, upepo wa pale utakutia adabu. Joto la Kariakoo umeliacha saa chache tu nyuma, maana tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024 safari haifiki hata saa nne, na sasa meno yanagongana. Kama Bunge halipo, mji nao unalala mapema. Utafanyaje? Kula kuku wako, nunua zabibu, rudi gesti ukatazame sinema.

Gesti niliyofikia mimi ilikuwa na TV moja tu, pale mapokezi, na rimoti kaishika kijana wa zamu anayejua mpira peke yake. Nikamwambia, mdogo wangu, nina flashi hapa, kuna picha za zamani za nguvu. Akanitazama kwa huruma. "Za zamani, braza? Si za mababu hizo?"

Nikamwekea Sholay ya mwaka 1975. Kwa nini Sholay, na kwa nini Dodoma? Mawe, msomaji wangu! Zungusha macho mji huu mchana, uone majabali yalivyokaa moja juu ya jingine kama yamepangwa na mtu. Halafu kaangalie maficho ya jambazi Gabbar Singh. Mawe yale yale! Walipigia picha Ramanagara, kusini mwa India, lakini mgogo yeyote angeapa ni nyuma ya kwao. Amjad Khan anakaa juu ya lile jabali na kucheka, wewe mwenyewe unavuta blanketi. Na kama ulilelewa ukiambiwa stelingi hafi, weka leso karibu. Mengine simalizi. Anza saa mbili usiku, kwani inakaribia saa tatu na nusu.

Ukitaka vumbi zaidi, tafuta Hatari! ya mwaka 1962. John Wayne na wenzake wanafukuza wanyama kwa magari kwenye nyika za Tanganyika, upande wa Arusha, wakiwakamata kwa kamba. Hadithi yenyewe nyepesi, na wenyeji wamepewa nafasi ndogo mno kwenye nchi yao. Itazame kwa ajili ya faru. Yule hakufundishwa kuigiza.

Lakini iliyomzimisha kijana wangu mpira ni ya tatu. Nilimwambia kuna filamu inaitwa Muhogo Mchungu, ya miaka ya mwanzo ya 1950, ya Kiswahili, stelingi wake Rashidi Kawawa.

"Kawawa si barabara?"

Barabara ipo, Dar, lakini mtu alikuwepo kwanza! Alicheza pia Chalo Amerudi, enzi hizo za mkoloni, kijana mtanashati. Baadaye akaingia siasa, na mwaka 1973 TANU ilipoamua makao makuu yahamie hapa Dodoma, Waziri Mkuu alikuwa yeye. Yaani stelingi wa zamani alikuwemo serikalini mji huu ulipochaguliwa. Mzee alifariki siku ya mwisho ya mwaka 2009.

Kijana akaweka chini rimoti. "Sasa hiyo ndiyo picha. Iweke basi tuione."

Hapo ndipo nilipoumbuka. Sina. Naijua kwa kusoma na kusimuliwa tu. Mhindi ninaye, Mmarekani ninaye, mtu wetu sina, na miaka yote hii nikikaa mbele ya TV sijabahatika kumkuta hata usiku mmoja. Kwa hiyo wewe unayesoma, siku ukiona jina Muhogo Mchungu kwenye ratiba ya kituo chochote, ahirisha disko, ahirisha hata miadi, halafu nipigie kelele.

Kijana alinitazama tena kwa ile huruma yake, akamega kichana cha zabibu zangu, akasema, "Haya, rudisha pale Gabbar anapocheka."